Waliniziba Macho, Wakaacha Kifua

Picha ilipotokea ukutani nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nilikuwa nammiminia diwani mmoja, na yeye ndiye aliyeniambia, "Mama, kikombe kimejaa," maana chai ilishaanza kumwagikia kwenye kisahani na kwenye kitambaa cha meza. Nilimsikia, lakini mkono haukusimama. Ukutani, kwa ukubwa wa mlango wa ghala, palikuwa na mwanamke amekaa kwenye matope, miguu huku na huku, blauzi imechanika kutoka begani mpaka kitovuni, ziwa moja liko nje. Chini amebaki na shimizi. Kanga yake iko mkononi mwa mgambo. Mdomo wake uko wazi, na machoni wamembandika kipande cheusi, kama mtu aliyefungwa kitambaa. Mwanamke huyo ni mimi.

Watu walicheka. Si wote, sitasema uongo, lakini waliocheka walitosha kuujaza ukumbi. Nyuma yangu mmoja aliuliza, "Huyo si mama chapati wa barabara ya zamani?" Mwenzake akamjibu, "Ndiye. Kumbe ana shimizi la maua." Afisa mipango wa manispaa akashika kipaza sauti, akasema taratibu kama mtu anayefundisha, "Ndugu wajumbe, mnaona wenyewe. Mkakati unaweza kuwa mzuri, lakini mwananchi asipouelewa, matokeo ndiyo haya." Mtafiti aliyekuja kutoka Dar es Salaam akatikisa kichwa, akabonyeza kidude chake, picha ikaondoka, yakaja maandishi.

Haya yote ningeyabeba. Nimebeba mengine. Lakini safu ya tatu, upande wa madirisha, alikuwa amekaa mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Yeye ni fundi seremala, katibu wa kikundi cha maseremala wa mtaa wa Chemchem, na kikao kile cha kutoa matokeo ya utafiti kiliita makatibu wa vikundi vyote. Tangu asubuhi nilikuwa namkwepa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mikono wala hawali sahani moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni na kuangalia chini, na salamu inatolewa kwa mbali, kila mmoja akiielekeza kwenye miti. Tangu amuoe binti yangu sijawahi kumtazama usoni hata kwa muda wa kumeza mate. Safu yake nilimtuma mwenzangu ninayeuza naye chapati apeleke chai, mimi nikahudumia upande wa madiwani. Nilidhani nimejipanga.

Picha ilipotokea alivua kofia yake, ile ya kiua, akaiweka usoni kwa mikono miwili. Hakuiondoa. Picha ilikwisha kupita, maandishi yakaja, yakapita na hayo, yeye bado amejifunika, kwa sababu hakujua kama nimeshatoka ukutani au bado nipo. Mwishowe akainuka hivyohivyo, kofia usoni, akawa anapapasa viti mpaka mlangoni. Akajikwaa kwenye waya wa mashine. Hapo ndipo ukumbi ulipocheka kwa nguvu zaidi, na yule wa nyuma yangu akasema, "Na huyu naye kapofuka?"

Niliweka chupa mezani, nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Nirudi nyuma sasa, maana mtu akisikia kipande hiki peke yake atafikiri mimi ni mlevi niliyeanguka mtaroni. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano. Mume wangu alifariki binti yetu akiwa ndiyo kwanza anaota meno, nikamlea kwa chapati na supu ya utumbo, pembeni ya barabara ile ya zamani inayotoka Ujiji. Nyumba yangu iko Cheyo. Alfajiri nilikuwa nasukuma mkokoteni wenye sufuria na karai mpaka pale, na mama yangu kabla yangu aliuza uji mahali hapohapo, na bibi yangu aliuza muhogo wa kuchemsha. Mji huu ulianza kwa watu kupita. Waliokuwa wanapita, wakiwa na mizigo kichwani, walikuwa na njaa, na walilishwa na wanawake waliokaa pembeni ya njia. Hilo halihitaji kusomea.

Manispaa ikaja na mpango mkakati. Tuliuona kwanza kwenye bango: barabara yetu imechorwa nyeupe, taa mbili mbili, Wazungu watatu wanatembea na mabegi, na maandishi kwamba njia ya misafara itapendezeshwa ili watalii waje. Kwenye mchoro hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa chapati. Nikamwambia mwenzangu, "Tazama, wametuondoa kwa kalamu." Akasema, "Labda tuko nyuma ya mti." Tukacheka, tukaendelea kukanda unga.

Mtendaji wa kata aliitisha kikao cha kutushirikisha. Akakiitisha Ijumaa saa saba mchana. Mtu yeyote wa mji huu anajua Ijumaa saa saba wanaume wako msikitini, na wakitoka wanakuja kwetu kula, ndiyo saa yetu kubwa ya wiki. Nani angeacha sufuria? Walikwenda watu wachache, wengine walikuwa wanapita tu, na mtendaji akaandika kwamba wananchi wameshirikishwa na wameridhia. Namtaja yeye wa kwanza. Majina ya hawa sitayaandika, vyeo vinatosha. Hapa kwetu kila mtu anajua nani kakalia kiti gani.

Walikuja asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha. Mgambo hawakusema neno, walianza kung'oa. Mwenzangu alichukua sufuria zake akakimbia, na leo namwona alikuwa na akili kuliko mimi. Mimi nilishika meza. Meza ile aliichonga mkwe wangu, aliniletea kama heshima alipokuja kuposa, na nilijua nikiiacha itakwenda kuwa kuni za mtu. Mgambo mmoja akavuta meza, mwingine akanivuta mimi. Akashika kanga, kanga ikamfuata. Akashika blauzi. Nikakaa chini kwenye matope, na nilipoinua macho nikamwona afisa habari wa manispaa amesimama mbele yangu na kamera.

Hapa nataka nieleweke. Nilifurahi kumwona. Nilidhani anapiga ushahidi, kwamba kesho mkubwa ataona alichofanyiwa mtu na atauliza. Kwa hiyo sikujifunika haraka. Nilimgeukia, nikamwambia, "Piga, waone." Akapiga. Kisha akageuka akaenda kupiga katapila. Aliyenifunika ni mama mmoja wa Ulyankulu, mgeni kabisa kwangu, aliyekuja mjini kuuza maharage. Alimwaga maharage yake kwenye beseni, akanivika gunia.

Binti yangu nilimwambia kibanda kimevunjwa na meza imepotea. Mengine sikumwambia. Mwenzangu naye alifunga mdomo, Mungu ambariki. Kwa hiyo nyumbani kwa wakwe zangu, Chemchem na kule kwao Igalula, nilibaki mama mkwe mwenye heshima yake. Tulihamishiwa soko jipya pembeni ya mji, mahali ambapo mteja akifika ujue amepotea, lakini heshima nilikuwa nayo.

Mtafiti alinikuta huko. Binti wa miaka thelathini na kidogo, mpole, anavaa viatu vya kufunga kamba. Alisema anafanya utafiti wa jinsi manispaa zinavyopanga mikakati na nini hutokea mpango ukitoka ofisini ukafika mtaani. Alikuja mara nyingi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akala chapati zangu, akauliza maswali ambayo hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Nani alikwambia mtahama? Alikwambia kwa mdomo au ulisikia? Ulipouliza, uliuliza ofisi ipi? Siku moja alinieleza kwamba kuna mkakati unaoandikwa na kuna mkakati unaotokea, na kwamba ule unaotokea ndio hauandikwi popote. Nilimwambia, "Basi umefika, kaa hapa uangalie unavyotokea." Akaandika.

Aliponiambia yeye ni Mzaramo, mambo yaliharibika, ila sikujua. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wanateremka pwani na mizigo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu na wewe huruhusiwi kununa. Kumnunia ndiyo kosa.

"Kumbe nimekaa na wapagazi," alisema. "Babu zako walitembea miezi na pembe kichwani, wakafika kwetu tukawapa chumvi, wakarudi wanashangilia."

"Tulibeba sisi kwa sababu ninyi mlikuwa mmelala mnangoja nazi iwaangukie mdomoni," nikamwambia. "Na hata sasa umekuja mikono mitupu, unakula michembe yangu."

"Viazi vikavu hivi? Kwetu vingetupiwa mbuzi."

"Kwenu mbuzi ana akili kuliko mwenye mbuzi."

Wateja wachache waliokuwepo walikuwa wanashika mbavu. Nilimpenda. Ningesema nilimpenda kama binti yangu, lakini binti hatukanani hivyo na mama yake. Nilimpenda kama mtani.

Siku hiyo hiyo, tukiwa bado tunacheka, akaweka simu yake katikati yetu na kusema, "Mama, naomba ridhaa yako. Maneno yako na picha zako, naweza kuzitumia kwenye utafiti wangu?" Alikuwa amenipiga picha wiki ile nikisukuma chapati, nikikoleza moto. Nilifikiria hizo. Na kwa kuwa tulikuwa kwenye utani, nilimjibu kwa utani. Nilisema, "Tumia, mtani. Tumia hata nikiwa uchi, nani atamtazama kikongwe mimi."

Akacheka sana. Mimi pia. Simu ilikuwa inarekodi.

Nataka mtu anieleze. Mzaramo aliyezaliwa na Mzaramo hajui utani ni nini? Mtani akikwambia siku ukifa nitalala kaburini kwako wasikufukie, utamletea mkeka? Katika nchi hii mtoto wa darasa la pili anajua neno la mtani halibebwi likapelekwa ofisini. Aliyesoma mpaka akaitwa daktari bila kushika sindano alilibeba.

Picha alipewa na afisa mipango. Hili mtafiti alilikiri mwenyewe baadaye. Mtafiti alikwenda kuomba picha za utekelezaji, afisa mipango akafungua kompyuta ya afisa habari, akamwambia chagua. Picha za katapila zilikuwepo, za mitaro, za mkurugenzi akinyoosha kidole. Wakachagua yangu. Wakakaa wawili, watu wazima, wakaitazama, na mmoja wao akasema tuzibe macho asijulikane. Wakaziba macho. Mkono uliokuwa na kazi ya kuziba ulikuwepo, kipande cheusi kilikuwepo, na walipofika kwenye kifua mkono ukasimama. Sijui walifikiri nini. Kila siku nakaa nafikiri walifikiri nini.

Kazi ya chai kwenye kikao alinitafutia yeye mtafiti. Alisema, "Mama, soko lako limelala, njoo utuhudumie siku ya kikao, watu wakujue." Nilimshukuru. Niliosha chupa za chai kwa majivu mpaka zikang'aa. Nilivaa dera jipya. Niliingia ukumbi ule na vitafunwa vyangu kama mtu aliyeitwa harusini.

Baada ya kutoka kwa mlango wa jikoni nilikaa nyuma ya jengo, kwenye ngazi, mpaka walipomaliza. Mtafiti akanifuata. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mtu aliyejikwaa ni mkwe wangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuacha shikamoo ya mtu hewani.

"Mama, sikujua yupo. Sikujua kabisa."

"Asingekuwepo ingekuwa sawa?"

"Lakini mama, nilikuomba ridhaa. Ulikubali." Na akatoa simu. Sikuamini kwamba angefanya hivyo, lakini alifanya. Akaitafuta sauti, akaibonyeza, na nikajisikia mwenyewe nikisema tumia hata nikiwa uchi, na kicheko changu nyuma yake, kirefu, cha mtu aliyeshiba. Afisa mipango alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Unaona mama, na hujatajwa jina popote."

Nilikusanya chupa zangu nikaondoka, na njia nzima mpaka Cheyo nilitembea pembeni kabisa, karibu na kuta. Hata sasa natembea hivyo.

Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa. Kwetu mimba ya kwanza mtoto anakuja kujifungulia kwa mama yake. Nilikuwa nimeshamtengea chumba cha uani, nimetandika kitanda, nimeweka kando asali na unga wa uji. Ilikuwa mume wake amlete Ijumaa ile. Ijumaa ikapita. Nikampigia binti yangu.

"Mama," akasema, "hataki kufika hapo. Si hasira. Anasema hajui atasimama wapi."

"Wewe njoo peke yako."

Akasema, polepole, "Mama mkwe wangu amekuja. Anasema mkwe akishamwona mama mkwe vile, mtoto hazaliwi kwenye nyumba hiyo mpaka aibu iondolewe. Wananipeleka Igalula." Nilisikia analia. Halafu akaniuliza swali ambalo nalisikia mpaka leo. "Mama, kwa nini hukuniambia? Ningejua, ningemzuia asiende ukumbini."

Nililinda heshima yangu kwa kunyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomketisha mkwe wangu safu ya tatu.

Nilimwendea shangazi yangu, dada wa baba, ndiye mkubwa aliyebaki kwetu. Nikampa mambo yote bila kuficha. Alisikiliza huku anachambua mchele, hakuacha kuchambua. Nilimwambia nitakwenda Igalula mwenyewe, nipige magoti, niombe radhi.

"Uombe radhi ya nini?" akasema. "Ulijivua?"

"Sikujivua."

"Basi huwezi kujivika. Aliyekuvua ndiye akuvishe, mbele ya wakwe zako, na mdomo wake useme aibu hii ni yangu, si ya huyu mama. Wewe ukienda peke yako unawathibitishia."

"Shangazi, hao ni watu wa ofisi."

"Ofisi haina mama mkwe?"

Nilikwenda manispaa. Afisa habari aliniambia yeye hupiga anachotumwa. Mtendaji wa kata aliniambia kikao kilifanyika na mimi sikuhudhuria. Afisa mipango alinikaribisha kiti, hilo nampa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi niende Igalula nikafanye nini? Hilo ni suala la familia." Wakati wa kunipeleka ukutani halikuwa suala la familia. Mtafiti nilimpigia Dar es Salaam. Alilia tena. Akasema picha ameshaitoa kwenye ripoti. Nikamwambia umeitoa kwenye ripoti, sasa itoe kwenye macho ya mkwe wangu. Akasema, "Mama, hilo sijui nafanyaje." Nikamweleza afanyeje, neno kwa neno kama shangazi alivyosema. Akasema ataomba ruhusa kazini. Simu yake siku hizi inaita tu.

Mjukuu wangu amezaliwa. Ni wa kiume. Nilipanda treni mara moja na kapu la michembe na asali, nikateremka Igalula, nikakaa stesheni. Kutoka pale mpaka kwa wakwe zangu ni mwendo wa kuchemsha maharage. Nilikaa mpaka jua likageuka. Kila aliyepita nilimwona ananiangalia kifuani, na nilikuwa nimevaa baibui. Nikampa kapu mama muuza karanga mmoja anayewafahamu, nikangoja treni ya kurudi. Jioni binti yangu alinipigia kunishukuru kwa asali. Akaweka simu karibu na mtoto ili nimsikie anavyopumua. Sasa ana meno mawili, naambiwa.

Ninyi mliokaa mkaniziba macho: afisa mipango, uliyefungua kompyuta, afisa habari, uliyeniona chini ukarekebisha kamera, mtendaji wa kata, uliyeandika kwamba niliridhia nikiwa nimeinamia sufuria, na wewe mtani wangu, uliyeuliza nani aliamua kila jambo katika mji huu, ila hili la kifua changu hukuuliza. Nawauliza kwa maandishi, kwa kuwa kwa mdomo mmenijibu kwamba ni la familia. Mkwe wangu bado anaweka kofia machoni akisikia jina la Cheyo. Mtoto anakua bila mkono wangu kumgusa. Treni ya Igalula ipo, na nyumba ya wakwe zangu kila mtu pale stesheni ataionyesha. Nani kati yenu anakwenda kusema aibu hii ni yake? Nataka jibu la mtu, si la ofisi.